Mgeni wa Alhamisi Saa Kumi

Bwana Mita hakuwa mtu wa kuamini maneno ya mtu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, na katika miaka yote hiyo ya kuinamia vishimo vya mita alikuwa ameshasikia kila aina ya utetezi: tulikuwa safarini, bomba lilipasuka, mita yenu ina wazimu. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaandika namba aliyoiona. Jina hilo walimpa wenzake kazini, nusu kwa heshima na nusu kwa kumsanifu, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukimletea karatasi inayosema kwamba mkewe anakaa sebuleni na mwanamume mwingine, unategemea atafanya nini? Atabisha? Thubutu.

Karatasi yenyewe ilikuja Jumatatu asubuhi. Bwana Mita alikuwa nyumbani kwa sababu ya jino, shavu limemvimba upande mmoja, na mkewe alikuwa ametoka kwenda sokoni. Aliyebisha hodi alikuwa binti wa takwimu, yule wa kampuni ya kupima watazamaji wa televisheni. Miezi mitatu nyuma kampuni hiyo ilikuwa imeichagua nyumba yao pamoja na nyumba nyingine mia kadhaa. Fundi akaja, akaweka kisanduku cheusi chini ya televisheni na rimoti ya pekee yenye vitufe vya namba. Kisanduku kazi yake ilikuwa kusikiliza ni kipindi gani kinachezwa. Vitufe vilikuwa kazi ya watu: kila anayeingia sebuleni abonyeze cha kwake, na kama ni mgeni aingizwe kama mgeni, jinsia yake na umri wake. Mkewe alipewa namba moja, na binti yao aliye chuoni akapewa namba mbili kwa siku za likizo. Yeye mwenyewe alikataa. Televisheni, alisema, ni kazi ya watu wasio na kazi.

"Shikamoo, baba. Mama yupo?"

"Marahaba. Ametoka. Sema na mimi tu, nyumba ni yangu."

Binti aliketi kwenye ukingo wa kochi, akafungua jalada lake. "Ni uhakiki tu, baba. Hapa kwenu kuna mgeni anajirudia. Na utaratibu wetu ni kwamba mgeni akishakuwa wa kila wiki, hatumwiti tena mgeni. Tunamsajili, tunampa kitufe chake."

"Mgeni gani?"

Binti akamgeuzia karatasi. Palikuwa na safu nne: kipindi, siku, saa, waliotazama. Kipindi ni ile tamthilia ya familia ya mwanasheria. Siku, Alhamisi. Saa, kumi alasiri. Waliotazama, mama wa nyumba na mgeni mmoja, mwanamume, miaka sitini. Mstari wa pili ulikuwa hivyohivyo. Wa tatu na wa nne pia.

Alhamisi saa kumi alasiri Bwana Mita huwa mitaa ya mlimani, mbali kabisa na kwake, akibishana na watu juu ya matone.

"Kitufe chake," alisema polepole.

"Ndiyo, baba. Namba tatu iko wazi."

Jino liliacha kumuuma palepale, na hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata siku ile.

"Ila hizi saa, baba, ni vizuri nikueleze, maana wengine huwa..."

"Saa najua kusoma, mwanangu. Nimeanza kuzisoma hujazaliwa."

Na kweli alijua. Kwenye karatasi zake za kazini, saa inayoandikwa ni saa ambayo msomaji amesimama mbele ya mita. Haina maana nyingine. Akachukua nakala, akaikunja mara nne, akaahidi kumpa mama aisaini. Binti akasema atapita tena baada ya wiki mbili, akaaga.

Mkewe aliporudi, aliweka mfuko wa mboga chini, akamshika shavu kwa kiganja.

"Pole, mume wangu. Limepungua?"

Huruma yote hii inatoka wapi, Bwana Mita alijiuliza. Mtu akiiba maji huwa mkarimu sana kwa msomaji wa mita. Anamletea kiti, anamletea kinywaji. Alisema limepungua, akaenda kusimama dirishani.

Usinishangae nikisema hakumuuliza. Kumuuliza mtuhumiwa ilikuwa, kwa akili yake, ni kumpa muda wa kuchomoa bomba la wizi. Badala yake alianza kuhesabu. Nani ana miaka sitini mtaa huu? Aliwajua wote kwa mita zao. Mzee wa nyumba ya kona hatembei. Mwalimu mstaafu ameshapita sabini. Akabaki mmoja tu, fundi saa. Mgane, shati limenyooshwa hadi kwenye mikono, na mluzi mdomoni kuanzia asubuhi. Bwana Mita, ambaye kwa mujibu wa vyeti vyake alikuwa na miaka hamsini na tano, aliona uchungu wa pekee. Angepokonywa na kijana, angeelewa. Lakini apokonywe na mtu aliyemzidi umri!

Jumatano alipitia kibandani kwa fundi saa, akavua saa yake na kuiweka mezani. Fundi aliifungua, akaichungulia, akaifunga.

"Haina tatizo hii."

"Nilitaka uhakika tu. Hivi, fundi, una miaka mingapi?"

"Sitini, nimegonga mwezi uliopita. Kwani vipi?"

"Basi tu. Na televisheni unapenda?"

"Tamthilia sikosi!"

Bwana Mita alichukua saa yake, akaondoka bila kuaga. Fundi akabaki ameshika kitambaa, akimtolea macho.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, jino tena, akajibanza kwenye duka la fotokopi lililotazamana na nyumba yake. Ili asifukuzwe, alitoa nakala za kitambulisho chake. Alitoa nakala kumi na moja. Saa tisa kamili mlango wake ulifunguliwa, mkewe akatoka na mfuko mkubwa wa nguo, akafunga kwa ufunguo, akashika njia. Nusu saa baadaye fundi saa naye alifunga kibanda, akashika njia ileile. Bwana Mita aliuma meno. Saa kumi ilifika, ikapita, nyumba imefungwa, dirisha limefungwa, hakuna aliyeingia wala kutoka. Mkewe alirudi karibu na saa kumi na mbili, amechoka, mikono ya gauni imelowa.

Kwa hiyo wana mahali pengine. Hilo ndilo alilolisoma.

Jumapili alikaa na gazeti lake na mkewe na televisheni yake, kama kawaida, akawa anamwangalia kwa pembeni. Mkewe alicheka mahali pa kucheka na kufuta machozi mahali pa kulia. Mwanamke mwenye hatia anachekaje vile? Bwana Mita aliogopa. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na minane, na kwa mara ya kwanza aliiona kama kitu kinachoweza kuondoka mlangoni na mfuko wa nguo.

Wiki mbili zilipotimia, alikuwepo kumpokea binti wa takwimu yeye mwenyewe. Alichukua karatasi mpya, akaenda moja kwa moja kwenye tarehe ile ya fotokopi. Alhamisi, saa kumi alasiri, mama wa nyumba, mgeni mwanamume miaka sitini. Humu ndani. Saa ileile aliyokuwa ameukodolea macho mlango wake mpaka yanamwaga machozi.

Mtu mwingine hapo angesema karatasi ndiyo mbovu. Bwana Mita alikwenda kukagua mlango wa nyuma. Komeo liliteleza bila kelele. Lilikuwa limepakwa mafuta. Kwamba alilipaka yeye mwenyewe mwaka uliopita, hilo halikumjia kabisa.

"Jumamosi saa nne asubuhi uje," alimwambia binti. "Uje na karatasi zako zote. Tutamsajili huyo mgeni."

Kisha akampigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, akamwambia kuna jambo la dada yako na si la kwenye simu.

Jumamosi wakakaa wanne sebuleni. Shemeji, mtu mnene wa maneno machache, alichukua kiti cha karibu na mlango. Binti wa takwimu alikalia ukingo wake wa kochi. Mkewe alikuja akijifuta mikono, akauliza kuna msiba gani. Bwana Mita alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno siku tatu, lakini yalimtoka ovyo.

"Shemeji, mimi si mtu wa kusingizia watu. Mimi nasoma tu. Karatasi hii inasema, kila Alhamisi saa kumi, mimi nikiwa kazini, dada yako anakaa hapa na mwanamume. Wa miaka sitini. Wanatazama tamthilia. Kama nasema uongo, mwenye karatasi huyu hapa. Na mwanamume mwenyewe namjua, saa zangu anazifungua yeye."

Mkewe alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kiti kina mguu mbovu.

Shemeji alipokea karatasi, akaisoma kwa kidole. "Alhamisi saa kumi?"

"Zote."

"Alhamisi saa kumi dada yangu yuko kwangu, anamwogesha mama." Shemeji hakupandisha sauti. "Tangu mama alipoanguka. Siku hiyo mke wangu yuko zamu hospitali, dada anakuja na mashuka, anaondoka na mashuka. Mwezi wa tano huu. Wewe hujui?"

Bwana Mita alimgeukia mkewe. "Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ukasema 'mm.' Nikakuambia tena wiki iliyofuata, ukageuza ukurasa."

Halafu shemeji akaipeleka shaka yote kwa binti wa watu. "Na wewe, binti, hii karatasi umeitoa wapi? Unataka kuvunja nyumba?"

"Mimi?" Binti alishtuka mpaka kalamu ikamwanguka. "Siku ya kwanza nilitaka kueleza, baba akasema saa anajua kusoma! Hiyo siyo saa waliyokaa kutazama. Ni saa kipindi kiliporushwa hewani."

"Tofauti yake nini?" aliuliza Bwana Mita.

"Kubwa, baba. Mtu anaweza kurekodi kwenye king'amuzi akatazama siku nyingine. Kisanduku kinajua, maana sauti ya kipindi ina alama ndani yake, sikio la mtu haliisikii. Akitazama ndani ya siku saba, tunamrudisha kwenye siku ya kipindi, tunamhesabu pamoja na wale waliotazama kikiwa hewani. Kituo kinataka kujua kipindi kimetazamwa na wangapi. Siku ya nane tunafunga. Akitazama siku ya nane, hata mara kumi, kwetu sisi hajatazama."

"Kwa hiyo hizi zimetazamwa lini hasa?" aliuliza shemeji.

Binti alifungua tableti yake, akapitisha kidole. "Jumapili. Zote Jumapili, saa nane mchana."

Bwana Mita aliichungulia ile tableti, lakini maana yake alikuwa bado hajaisoma. Shemeji alikuwa ameshaisoma.

"Jumapili saa nane, shemeji, humu ndani mnakuwa nani na nani?"

"Mimi na yeye. Lakini mimi nasoma gazeti."

"Hutazami."

"Upuuzi ule? Sitazami."

"Haya. Hivi yule mwanasheria alimwoa yule nesi?"

"Atamwoaje, wakati wosia umeshaonyesha wazi kwamba yule nesi ni mtoto wa..." Bwana Mita akafunga mdomo. Maneno mengine yasingemsaidia tena. Yale ya kwanza yalikuwa yameshatoka, na yalikuwa na ushahidi ndani yake.

Binti wa takwimu aliinamia tableti kama mtu aliyepotelewa na kitu muhimu sana humo.

"Lakini mimi nina hamsini na tano!" alisema Bwana Mita. Ilikuwa ngome yake ya mwisho. "Hapa wameandika sitini!"

"Hamsini na tano ni ya kazini," alisema mkewe. Alikuwa anaiangalia mikono yake. "Uliipunguza mwenyewe usistaafishwe mapema. Hawa walituambia tuandike ukweli, nikaandika ukweli. Wakasema kila aliyemo sebuleni ahesabiwe, na wewe ulisema usihesabiwe. Sasa ningekuweka wapi? Wiki za mwanzo nilikuacha, nikaona nawadanganya watu. Nikakuingiza mgeni."

Aibu ilimpanda Bwana Mita mpaka masikioni. Angekuwa na busara angenyamaza hapo, nasi tungemaliza kwa kumcheka. Lakini shemeji alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Ngoja kwanza, dada. Kwangu televisheni ipo. Alhamisi saa kumi hiyo tamthilia inachezwa, mama yuko hapo na watoto wangu wote. Wewe ukisikia muziki wake tu unabeba beseni, unakwenda kufua uani. Watoto wanakuita, hutaki. Mimi nilijua huipendi."

"Naipenda."

"Sasa?"

Mkewe alijibu bila kumwangalia mumewe.

"Nilikuwa sitaki kujua kinachotokea. Nilikuwa naiweka mpaka Jumapili. Jumapili huyu yupo. Akidhani simwoni anashusha gazeti kidogo. Akicheka anajifanya anakohoa. Wiki nzima hatuongei hata maneno ishirini, kaka, ila saa ile moja tunacheka kitu kimoja. Nikaona nisiitazame bila yeye."

Hakulia. Bora angelia. Bwana Mita, aliyekuwa amesimama muda wote, alitafuta kiti chake kwa mkono kama kipofu, akakaa.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. Alisema mbele ya shemeji na mbele ya mtoto wa watu, na tangu wamjue hawajawahi kumsikia akilisema neno hilo. "Nimekukosea sana."

"Nimesikia," alisema mkewe.

Shemeji aliondoka bila kungoja chai. Mlangoni hakumpa Bwana Mita mkono. Alimgusa dada yake begani, akamwambia mama anamsalimia. Binti wa takwimu alikusanya karatasi zake, akasita, lakini kazi ni kazi.

"Sasa, mama, nimsajili baba? Namba tatu?"

"Muulize mwenyewe."

"Nisajili," alisema Bwana Mita. "Miaka sitini."

Wiki iliyofuata alijitahidi, hilo tumpe haki yake. Jumanne aliuliza hali ya mama mkwe. Jumatano alipita kibandani kwa fundi saa akaomba radhi ya jambo ambalo fundi hakujua kama alikosewa. Alhamisi alitaka kumsindikiza mkewe na mfuko wa mashuka, mkewe akasema si mzito.

Jumapili hakununua gazeti. Alioga mapema, akavaa shati safi, akaacha kiti chake cha siku zote na kukaa kwenye kochi, upande mmoja, ili nafasi ibaki. Saa nane kasoro dakika tano aliwasha televisheni, akatafuta kwenye king'amuzi, akaikuta tamthilia ya Alhamisi imerekodiwa kama kila wiki. Akaisimamisha pale mwanzo. Chumba cha pili mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Mama, njoo! Nimeshaiweka."

Pasi iliendelea. Akaita tena. Mkewe akatokea mlangoni, blauzi imemning'inia mkononi, akaangalia kochi, akaangalia nafasi iliyoachwa.

"Tazama tu," alisema. "Mimi nimeshaitazama."

"Lini?"

"Alhamisi. Kwa kaka, na mama na watoto."

Bwana Mita alikuwa na rimoti mkononi na hakujua aifanye nini. "Basi kaa, unisimulie. Nitakuwa nasikiliza."

"Ipo hapo mbele yako yote," alisema mkewe, kwa upole, bila hasira yoyote, akarudi kumalizia nguo zake.